Mazungumzo Kabla ya Dawa: Somo kwa Mgonjwa, Ndugu na Mtoa Huduma

Mwenzetu mmoja wa ofisini alipigiwa simu alfajiri na mdogo wake aliye nyumbani kwao, mkoani Singida. Mama yao, mwenye umri wa miaka 68 na mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, alikuwa amekutwa kitandani ameloa jasho, anatetemeka, na maneno yake hayashikani. Jirani mmoja alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Mwingine alishauri aitwe mtu wa kumsomea dua. Mjukuu wa darasa la sita ndiye aliyesema kwamba bibi hakula usiku, alimeza dawa zake akalala. Mwenzetu aliuliza swali moja tu kwenye simu: anaweza kumeza? Alipojibiwa kwamba anaweza, aliwaambia wamkorogee maji ya sukari, wamnyweshe taratibu, kisha wamkimbize hospitali bila kungoja kupambazuke.

Mama yule alipona. Siku mbili baadaye mfuko wake wa dawa ulimwagwa mezani, na ndani yake zikakutwa pakiti mbili zenye majina tofauti na rangi tofauti, zilizotoka viwanda viwili. Zote zilikuwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Moja alizoea kuichukua kwenye kliniki iliyo karibu na kwake. Nyingine aliandikiwa katika hospitali ya mji mwingine alikokwenda kumuuguza dada yake. Kwa takriban wiki tatu alikuwa akimeza dozi mara mbili, na siku alipolala na njaa sukari ikashuka hadi kukaribia kumuua.

Tulilijadili tukio hili ofisini kwa muda mrefu, kwa sababu kila tulipomtafuta mkosaji hatukumpata. Daktari wa hospitali ya pili aliuliza kama mama anatumia dawa zozote, naye akajibu, “Natumia za sukari, nashukuru.” Daktari alilichukua jibu hilo kuwa ni maelezo kwamba dawa zimekwisha na anahitaji nyingine. Binti aliyemsindikiza alikaa kimya, kwani hakutaka kumjibia mama yake. Mtoa dawa dirishani alisema, “Meza kama ilivyoandikwa,” na mama akameza kama ilivyoandikwa, kwenye pakiti zote mbili. Kila mmoja alisema kweli, na kila mmoja alitimiza alichodhani ni wajibu wake.

Mamlaka kama yetu hupewa na umma kazi ya kuhakikisha kwamba dawa iliyoko sokoni ni bora, ni salama na inafanya kazi iliyokusudiwa. Pakiti zile mbili zilikuwa zimesajiliwa, hazikuwa bandia, wala muda wake haukuwa umepita. Maabara ingezipima, zingefaulu zote. Hata hivyo karibu zimwondoe mtu duniani. Ndiyo maana katika kijitabu hiki, ambacho kwa sehemu kubwa kinahusu lebo, tarehe na namba za toleo, tumeona tutenge somo moja kwa ajili ya maneno yanayosemwa kati ya mgonjwa, mtoa huduma na ndugu.

“Nzuri, ila…”

Adabu yetu ya kusalimiana ina tabia moja ambayo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati anaifahamu. Mgonjwa huingia amejishika ubavu, huulizwa habari za leo, naye hujibu “nzuri”. Baada ya pumzi moja ndipo husema “ila”. Ugonjwa wote uko baada ya neno hilo. Mtoa huduma mwenye foleni ya watu 60 nje ya mlango anaposikia “nzuri” na kuanza kuandika, huwa amefunga mlango ambao mgonjwa alikuwa bado anaufungua.

Tatizo la kukatizana maneno si letu peke yetu. Mwaka 1984, nchini Marekani, watafiti Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha uchunguzi wa mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Waligundua kwamba katika mengi ya mazungumzo hayo mgonjwa alikatizwa kabla hajamaliza kueleza kilichomleta, na kwa wastani alikuwa amesema kwa sekunde 18 tu. Shida iliyotajwa mwanzo siyo lazima iwe kubwa kuliko zote. Mara nyingi mtu hutanguliza iliyo rahisi kusemeka, kisha husogea polepole kuelekea ile inayomwogopesha au kumtia haya.

Kwa hiyo tunamshauri mgonjwa ajiandae akiwa bado nyumbani, au hapo hapo kwenye foleni. Ajipangie mambo matatu: kinachomsumbua zaidi, kilianza lini, na amekwisha kufanya nini kukihusu. Ayaseme kwa mpangilio huo mara baada ya salamu. Kama ana jambo la aibu, alitaje mapema kwa namna yoyote ile, hata kwa kusema tu, “Daktari, nina jambo jingine ambalo ni la faragha.” Sentensi hiyo inatosha kumfanya mtoa huduma aweke kalamu chini, awaombe wengine watoke, au afunge pazia.

Maneno yenyewe nayo yana mitego. Kwa Kiswahili “mguu” huanzia kwenye paja hadi vidole, na “mkono” huanzia begani. “Tumbo” linaweza kuwa tumbo la chakula au la uzazi. “Homa” kwa wengine ni joto la mwili, kwa wengine ni mafua, na kwa wengi ni malaria yenyewe. Basi oneshea kwa kidole. Usione haya kusema “hapa”, na ukaeleza kama maumivu yanachoma, yanakata, yanavuta au yanapwita. Lugha yetu imejaliwa maneno hayo kwa wingi, na kila moja humpeleka tabibu njia tofauti.

Mtego upo pia upande wa pili. Watoa huduma wetu husomea taaluma zao kwa Kiingereza, huandika kwenye daftari la mgonjwa kwa Kiingereza, kisha hutakiwa kugeuza yote kwa Kiswahili ndani ya dakika chache. Katika kugeuza huko mengi hudondoka. Majibu ya kipimo yakiitwa “chanya”, mgonjwa aliyezoea kusikia neno hilo kwa maana ya jambo jema huweza kutoka anatabasamu, kumbe ameambiwa ana maambukizi. “Uvimbe” hutumika kwa jambo dogo lisilo na hatari na pia kwa saratani, na wakati mwingine hutumika makusudi ili saratani isitajwe. Ukiambiwa neno lenye pande mbili, uliza waziwazi: “Maana yake ninao ugonjwa au sina?” Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Kutwa mara tatu

Hakuna maelezo ya dawa yanayosikika mara nyingi zaidi ya haya, na sisi tunadhani hakuna yanayoeleweka vibaya zaidi. Kwenye bahasha ya dawa huandikwa 1×3, na mdomoni husemwa “kimoja, kutwa mara tatu”. Mswahili anajua kwamba kutwa ni tangu jua linapochomoza hadi linapotua. Usiku una neno lake, kucha. Mtu anayeitii lugha yake sawasawa atameza kidonge asubuhi, kingine mchana na cha tatu kabla ya magharibi, kisha atakaa saa kumi na mbili bila dawa mwilini. Kwa dawa nyingi za kuua vijidudu, muda huo mrefu huwapa vijidudu nafasi ya kuongezeka tena.

Aliyeandika 1×3 kwa kawaida alikusudia kila baada ya saa nane. Ukitaka kuyapanga kwa saa zetu, anza saa mbili asubuhi, fuatisha saa kumi jioni, malizia saa sita usiku. Kwa 1×2 ni kila baada ya saa kumi na mbili, yaani saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Usikubali kuondoka dirishani kabla hujazitaja saa hizo kwa kinywa chako, na mtoa dawa akazikubali.

Dawa ya mseto ya malaria ni mfano mzuri, kwa kuwa ratiba yake haifuati desturi ya kawaida. Tanzania ilianza kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006. Mtu mzima humeza vidonge 4 kwa wakati mmoja, mara 6, jumla vidonge 24 kwa siku tatu. Dozi ya pili haingoji saa kumi na mbili; humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Aliyeanza saa nne asubuhi atameza ya pili saa kumi na mbili jioni ya siku hiyo hiyo, kisha siku ya pili na ya tatu atameza saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tena dawa hii huingia mwilini vizuri zaidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au kwa maziwa. Mgonjwa asiyeambiwa hayo huimeza na chai ya rangi, homa ikirudi anasema dawa ya mseto haifanyi kazi.

Kwa watoto kosa huwa kwenye kijiko. Dawa ya maji ikiandikwa mililita 5, kijiko cha nyumbani hakiaminiki, maana kuna cha chai kinachobeba pungufu na kuna cha chakula kinachobeba mara mbili au tatu ya kiasi hicho. Omba kikombe kidogo chenye alama au bomba la sindano lisilo na sindano, na umwombe mtoa dawa akuoneshe mstari. Kama dawa ni ya unga, uliza ni maji kiasi gani ya kuchanganyia, yawe yamechemshwa na kupoa, na itadumu siku ngapi baada ya kuchanganywa. Mtoto aliyepewa vidonge vya zinki kwa ajili ya kuharisha huvitumia kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Mzazi asiyejua sababu huviweka kabatini “kwa safari nyingine”, na hatuwezi kumlaumu, kwani hakuna aliyemweleza kwamba siku zile za ziada ndizo zinazomkinga mtoto asiharishe tena upesi.

Kuna mbinu moja ambayo wataalamu wa usalama wa wagonjwa huisisitiza kuliko nyingine, nayo haihitaji kifaa wala fedha. Baada ya kupewa maelezo, mgonjwa huyarudia kwa maneno yake mwenyewe. Kuuliza “umeelewa?” hakusaidii, kwa sababu mtu mwenye adabu hujibu “ndiyo”. Mtoa huduma aseme, “Hebu niambie, ukifika nyumbani utaimezaje dawa hii?” Naye mgonjwa asipoulizwa ajitolee: “Naomba nirudie nione kama nimeshika.” Tumewahi kusimama kwenye dirisha la dawa tukiangalia zoezi hili likifanyika, lilichukua chini ya dakika moja, na katika dakika hiyo bibi mmoja aligundua kwamba alikuwa karibu kuvimeza vidonge vya kuingiza ukeni.

Majina mawili, dawa moja

Turudi kwenye mfuko wa yule mama. Kila dawa ya kisasa ina jina lake halisi, ambalo kwa kawaida ni moja katika nchi nyingi, na inaweza kuwa na majina ya kibiashara kadhaa, kila kiwanda na lake. Jina la kibiashara huandikwa kwa herufi kubwa zenye rangi. Jina halisi huwa chini yake, kwa herufi ndogo. Tunakiri kwamba mara nyingine herufi hizo ni ndogo kuliko macho ya wazee wanaozihitaji, na hata baadhi ya vipeperushi vyetu wenyewe vimelalamikiwa kwa kosa hilo hilo. Mwombe kijana akusomee, kisha ulinganishe pakiti kwa pakiti.

Parasetamoli ndiyo hukutwa mara nyingi imejirudia. Ipo kwenye vidonge vya maumivu, ipo kwenye dawa nyingi za mafua, na ipo katika vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kwa majina ambayo hayalitaji neno hilo kabisa. Mtu mzima mwenye afya hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wapo ambao kikomo chao ni cha chini ya hapo. Mwenye mafua makali anayemeza aina tatu kwa pamoja anaweza kuuvuka mpaka huo bila kujua, na ini ndilo hulipa.

Ushauri wetu ni wa kizamani: beba mfuko mzima. Usimweleze daktari kwamba unatumia “vidonge vyeupe vidogo vya presha”. Vitoe uviweke mezani, pamoja na vile ulivyonunua duka la dawa bila cheti na vile ulivyopewa na jirani. Weka na dawa za asili. Tunajua hapa ndipo wengi husita. Mgonjwa anayekunywa maji ya mlonge au ya mwarobaini humficha daktari kwa kuhofia kugombezwa, na hofu hiyo haikutoka hewani. Kwa upande wa watoa huduma tunasema hivi: mgonjwa akigombezwa mara moja, hatasema tena. Baadhi ya miti shamba huweza kushusha sukari au shinikizo la damu, na ikikutana na vidonge vya kazi hiyo hiyo inaweza kuvizidishia nguvu. Daktari anaweza kuzuia hilo iwapo tu ameambiwa.

Kilichotarajiwa na kisichotarajiwa

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeanza dozi ya miezi 6 hupewa rifampisini pamoja na dawa nyingine. Rifampisini hugeuza rangi ya mkojo kuwa ya chungwa au nyekundu, na hata machozi na jasho. Haina madhara, ni rangi ya dawa tu. Aliyeambiwa siku ya kwanza huiona rangi hiyo na kuendelea na siku yake. Asiyeambiwa huamini anakojoa damu, huacha dawa, na kwa kuacha huweza kujipatia kifua kikuu sugu ambacho ni kigumu zaidi kutibu na ambacho anaweza kuwaambukiza wanaokaa naye. Dawa hiyo hiyo hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke asipoulizwa kama anavitumia, na yeye asione uhusiano wowote kati ya kifua na uzazi, matokeo yake ni mimba ambayo hakuipanga.

Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito hufanya choo kiwe cheusi, na chai huvipunguzia kazi vikimezwa pamoja. Dawa za shinikizo la damu hazimfanyi mtu ajisikie nafuu, kwa sababu wengi wenye shinikizo la juu hawakuwa wakijisikia wagonjwa. Anayesubiri dalili ili ameze ataanza na kuacha mara nyingi kabla ya kupata kiharusi. Haya si mambo ya siri. Muuguzi yeyote anayajua. Lakini ameyajua kwa muda mrefu kiasi cha kusahau kwamba mgonjwa hayajui, na sisi tunaoandika vijitabu tumo katika kundi hilo.

Basi uliza kabla ya kuondoka: “Ni mabadiliko gani nitakayoyaona ambayo ni ya kawaida? Ni yapi yakitokea niache dawa na nirudi upesi?” Vipele vinavyosambaa, uso au midomo kuvimba, kupumua kwa shida, macho kuwa ya njano: hayo si maudhi madogo ya kuvumilia. Rudi kituoni siku hiyo hiyo, ukiwa na pakiti mkononi.

Ndugu: msaada na mzigo

Katika nchi yetu hakuna anayeugua peke yake. Ndugu ndiye anayepika uji, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayekwenda kununua dawa isiyokuwepo, anayelipa, na mara nyingi anayeulizwa. Tumeona faida ya jambo hili. Ndugu hukumbuka tarehe, hugundua mabadiliko ambayo mgonjwa mwenyewe hayaoni, na humtia moyo wa kumaliza dozi. Utafiti na uzoefu wa nchi nyingi unaelekea huko, na Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 17 Septemba tangu mwaka 2019, mwaka 2023 ilikuwa na mada ya kuwashirikisha wagonjwa wenyewe, familia na walezi katika kulinda usalama wa matibabu.

Lakini ndugu anaweza pia kumfunika mgonjwa. Mume hujibu maswali aliyoulizwa mke. Kijana mkubwa, kwa nia njema kabisa, humvuta daktari pembeni na kumwomba asimwambie baba kwamba ana saratani, kwa kuwa “atakata tamaa”. Mzee hulala wodini akiona watu wananong’ona mlangoni, akijua kuna jambo, asijue ni jambo gani. Watoto wanakuja kumtazama kwa zamu kana kwamba wanaaga. Tumezungumza na familia zilizopita njia hiyo. Wengine hawakujuta. Wapo waliotuambia kwamba baba alifariki bila kueleza shamba ni la nani na deni ni la nani, kwa kuwa hakuna aliyempa nafasi ya kujua kwamba muda ulikuwa umekwisha. Msimamo wetu ni kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kujua habari za mwili wake, na pia ana haki ya kusema hataki kujua. Lakini haki hiyo ya pili ni yake, siyo ya watoto wake. Daktari mwenye busara huanza kwa kumuuliza mzee mwenyewe: “Majibu yakitoka, ungependa tuzungumze na wewe, au na nani?” Wazee wengi hujibu swali hilo kwa ufasaha kuliko tulivyotarajia.

Yapo majibu ambayo sheria yenyewe imeyawekea ulinzi. Sheria ya mwaka 2008 inayohusu VVU na UKIMWI inataka majibu ya kipimo yawe siri. Ndugu aliyelipia vipimo au usafiri hakununua habari za mgonjwa.

Vivyo hivyo kwenye fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji. Karatasi ile si risiti. Kabla ya kusaini au kuweka dole gumba, mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa kitakachofanyika, kwa nini, kuna njia gani nyingine, na nini kitatokea asipofanyiwa. Kama lugha anayoielewa ni Kisukuma, Kimasai au lugha ya alama, atafutwe mtu mzima wa kutafsiri. Mtoto asifanywe mkalimani wa tumbo la uzazi la mama yake. Atayaruka maneno yanayomtia haya, na huenda hayo ndiyo yaliyohitajika.

Ndugu wakiwa wengi, chagueni msemaji mmoja, kwa kumuuliza mgonjwa anamtaka nani. Muuguzi anayeulizwa jambo lile lile na watu saba katika saa za kuona wagonjwa hutoa majibu saba mafupi, na jioni familia hugombana kuhusu nani aliambiwa nini.

Saa ngumu kuliko zote kwa mazungumzo ni ile ya kuruhusiwa. Kila mtu ana haraka: kitanda kinasubiriwa, gari liko nje, kuna malipo ya kukamilisha. Maelezo ya dawa hupewa yeyote aliyesimama karibu, na mara nyingi ni kijana aliyekuja kulipa na ambaye kesho anarudi kazini Dar es Salaam. Shangazi atakayempa mgonjwa dawa kila siku yuko nyumbani akichemsha maji. Tunashauri jambo dogo: mpigieni simu shangazi hapo hapo, wekeni sauti ya nje, muuguzi amweleze yeye, naye arudie. Andikeni pia tarehe ya kurudi kliniki, na mahali pa kwenda hali ikibadilika usiku.

Mazungumzo yanapovunjika

Wapo watakaosoma haya na kusema kwamba waliuliza, wakajibiwa kwa ukali. Hatukanushi. Uchovu na uhaba wa watumishi huchangia, lakini haviwi ruhusa ya kumdharau mtu. Anza kwa mganga mfawidhi wa kituo, kwa utulivu, ukitaja siku, saa na kilichosemwa. Suala likihusu maadili ya taaluma, yapo mabaraza yenye mamlaka ya kulisikiliza: Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na kwa upande wa dawa, Baraza la Famasi. Suala likiwa ni dawa yenyewe, kwamba imekudhuru au unaishuku ubora wake, taarifa hiyo ni ya mamlaka ya dawa, na haihitaji uwe na uhakika. Tunza pakiti na dawa iliyobaki, usizitupe kwa hasira. Namba ya toleo iliyoko pembeni ndiyo hutuwezesha kujua pakiti nyingine za namna hiyo ziko wapi.

Mama wa mwenzetu sasa ana daftari dogo la kurasa 48 linalokaa ndani ya mfuko wake wa dawa. Ukurasa wa kwanza, mjukuu ameandika jina halisi la kila dawa, kiasi na saa. Alipokwenda kliniki mwezi uliofuata, kabla hajaulizwa lolote, aliliweka mezani akasema, “Nzuri, mwanangu, ila soma kwanza hapa.”